Usiondoke Hapo Ulipo

Jumamosi, 1 Machi 2025

Leo Mama amerudi na cheti! Kina fremu ya dhahabu — ya plastiki, lakini inang'aa. Kimeandikwa: FERISTA, SAUTI YA KAMPUNI YETU. Bosi Enoka amemkabidhi mbele ya ofisi nzima, wakapiga makofi, wakala keki. Mama hakula kipande chake. Ameniletea kwenye leso.

Nimemwuliza sauti ya kampuni ndiyo nini. Kumbe ni ile kazi ya Januari, alipokuwa anafungiwa chumbani na maikrofoni, anasoma sentensi mpaka koo linakauka, madirisha yamezibwa kwa magodoro ili honi za malori zisiingie. Kuanzia Jumatatu simu za ofisi zitapokelewa na mtambo wa akili mnemba. Mtambo utaongea kwa sauti ya Mama. Maneno utajitungia wenyewe.

Amenichekesha. Eti Jofrey, kijana wa mitambo, alimkataza kuhema. Mama akamwambia, baba, nisipohema nitafika mwisho wa ukurasa nikiwa hai? Jofrey akasema basi aheme tu, pumzi zote zitakatwa baadaye kwenye kompyuta.

Nina fahari! Kila dereva anayekwama kwenye foleni ya mpakani huipigia ofisi yao kuulizia karatasi za mzigo, na anaijua sauti ya mama yangu. Mimi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni natetemeka. Labda sauti yote ya ukoo walimpa yeye, mimi nikaachiwa masikio.

Jumatatu, 3 Machi

Kipindi cha kompyuta. Mwalimu kauliza nani anaweza kutoa mfano wa teknolojia mpya inayobadilisha biashara hapa kwetu Tunduma. Mfano ninao! Unalala chumba cha pili! Mkono ukakataa kunyanyuka. Tumpale akajibu "kutuma pesa kwa simu" na akapigiwa makofi. Kutuma pesa! Teknolojia ya tangu hatujazaliwa!

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka shule nimemkuta Mama nyumbani. Anaosha vyombo visafi.

Mkataba wake umeisha na hautaendelezwa. Bosi Enoka amesema hajafukuzwa, asielewe vibaya, ni nafasi tu ndiyo haipo tena. Mtambo unapokea simu za madereva wengi kwa mpigo, usiku na mchana, kwa Kiswahili na Kiingereza, na karibuni utajua Kibemba. Alimwambia, Ferista, wewe bado upo nasi, si unajisikia mwenyewe kwenye simu?

 Cheti kipo ukutani.

Mama ana sharti moja tu: Bibi asijue. Bibi yuko Ileje, mlimani kule juu ya Itumba, peke yake na mibuni yake, na fahari yake kubwa duniani ni kwamba binti yake yuko ofisini. Presha itampanda. Tutamwambia Mama akipata kazi nyingine.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya jambo la ajabu. Nimepiga namba ya ofisi.

Mama alikuwa mbele yangu, anachambua mchele kwenye ungo, mdomo umefumba. Na sikioni mwangu Mama akasema: "Karibu sana, ndugu yangu! Umeamkaje? Na nyumbani wanaendeleaje?"

Nilitupa simu!

Ni yeye. Ni yeye kabisa — hata ule mkunjo wa mwisho wa sentensi, kama mtu anayekusogezea kiti. Nimeokota simu, nikasikia inasema, "Bado nipo, ndugu yangu. Nakusikiliza." Mama akauliza nani huyo. Nikasema nimekosea namba. 

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada tumepita sokoni. Bwana Mwansa, yule dereva Mzambia wa malori ya shaba, ametuona akavuka barabara mbio bila kutazama pikipiki. "Mulishani, ba mayo!" Akamsalimia Mama kwa Kibemba, akamshika mikono yote miwili. Amefiwa na mtoto wiki hii. Akiwa kwenye foleni alipiga simu kuulizia karatasi za mzigo, akajikuta analia, na Mama — anasema — akambembeleza mpaka akapata usingizi. Natotela, asante, natotela sana. Hata mke wangu hajaniambia maneno mazuri namna ile.

Mama hakuwa anajua hata kama huyo mtoto alikuwepo.

Nilingoja amwambie ukweli. Akasema, "Pole sana, kaka yangu." Basi.  Karibu na nyumbani akaniuliza, Ikupa, yale maneno yalikuwa mazuri kweli? Angalau niambie yalikuwa yapi.

Jumatano, 12 Machi

Bibi hajapiga. Mama anasema simu yake ya kitochi haina chaji, mvua imekata umeme huko. Yeye naye hampigii. Anaogopa kuulizwa "kazini wazima?" Mama hajui kudanganya. Hadi kwenye kucheza karata anashindwa.

Jumapili, 16 Machi

Mungu wangu. Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Jioni hii amepiga Mama Imelda, jirani yake Bibi. Hakusalimia! Mtu wa Ileje asiposalimia, kuna msiba au kuna vita.

"Ferista, una moyo wa namna gani wewe?"

Bibi alijikata mguu kwa jembe kule shambani. Kidonda kimeharibika, mguu umevimba mpaka gotini, unatoa harufu. Wanataka kumpeleka hospitali. Anakataa. Amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa gauni la kanisani, kikapu kipo tayari miguuni. Anakaa hivyo kila siku kuanzia asubuhi. Anasema binti yake amemwambia asiondoke.

"Nimemwambia mimi?" Mama kauliza. "Lini?"

"Jana! Juzi! Kila siku! Anaweka spika tunasikia wote: tafadhali usiondoke hapo ulipo, kesho asubuhi mtu wetu atakufikia. Kwa Kiswahili chako hicho cha redioni! Mtu wenu yuko wapi, Ferista?"

Mama akaketi chini. Palepale, sakafuni.

Namba ya ofisi! Tulisahau namba ya ofisi!

Bibi hasomi, na macho yana ukungu. Miaka yote amempigia Mama kazini, maana kule simu za wafanyakazi hufungiwa kwenye droo, na simu ya ofisi ni bure kupiga. Mjukuu mmoja alimgandishia punje ya hindi kwenye namba mbili ya kitochi. Akibonyeza punje, Mama anapokea. Na ofisini lugha yetu ya Kindali ilikatazwa, Kiswahili tu, kwa hiyo Bibi hawezi kushangaa akijibiwa kwa Kiswahili. Anakipenda! Anaita majirani waje wasikie mwanawe anavyoongea.

Kumbe mawasiliano ya Bibi hayakukatika. Bibi amekuwa akiongea na Mama kila siku.

Mama amempigia hapo hapo. Amelia, ameongea Kindali haraka haraka, kamasi, kwikwi. Bibi amemsikiliza kidogo kisha akasema: wewe binti wa Mama Imelda, shika adabu yako. Jana ulijifanya Ferista nikakutambua, leo unarudi tena na mafua? Mwanangu nimeongea naye mchana. Hakuwa analia.

Akakata.

Ni kweli jana Mama Imelda alimpa binti yake simu ajifanye Mama. Alidhani anasaidia.

Jumatatu, 17 Machi

Sikwenda shule. Alfajiri tulikuwa mlangoni pa ofisi ya Bosi Enoka.

Alidhani Mama amekuja kulalamikia kazi. Akaanza, Mama Ikupa, tulishaelewana… Mama akamkatiza — Mama! — akamwambia, nionyeshe mama yangu.

Jofrey akafungua kompyuta. Kila simu imehifadhiwa, imepangwa kwa rangi. Kijani ni mteja aliyeridhika, nyekundu ni mteja mwenye hasira. Bibi ni kijani tupu, kuanzia juu hadi chini! Jofrey alisema kwa sauti ndogo kwamba wamekuwa wakijiuliza huyu mteja wa Ileje ni nani. Mfumo umemweka nafasi ya kwanza kwa kuridhika, mkoa mzima. Bosi alidhani ni mfanyabiashara wa kahawa. Alikuwa amepanga kumtumia kalenda.

Tukasikiliza ya jana.

"Mwanangu, mguu umenizidi."

"Pole sana, mama yangu. Nimekuelewa. Je, upo peke yako au na mwenzako?"

"Peke yangu. Mwenzangu si alishafariki, unasahau?"

"Pole sana kwa kufiwa. Tafadhali usiondoke hapo ulipo. Kesho asubuhi mtu wetu atakufikia."

"Siondoki, mwanangu. Siku hizi una subira. Zamani ulikuwa unanikatia simu."

Hapo Mama aliweka mkono kwenye meza. Nilitazama ule mkono tu. Sikuweza kumtazama usoni.

Ndivyo madereva wanavyoambiwa kwenye foleni, wasiache lori, karani atawafuata. Mtambo haukudanganya. Ulimhesabu Bibi kuwa dereva na ukampa jibu zuri la dereva. Nilisoma mahali kwamba mashine hizi hujifunza kutoka kwetu. Huu umejifunza upole wote wa Mama, haukupewa mama wa kumpenda.

Bosi Enoka alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema, hata mimi nina mama. Akamwambia Jofrey uambie huo mtambo umwamuru bibi aende hospitali, sasa hivi. Jofrey akasema mtambo ni wa kukodi, wenyewe wako Dar, kubadilisha majibu lazima waombwe. Akaandika ombi, vidole vinateleza. Jibu likaja papo hapo! Tukasogea wote kusoma.

"Ombi lako limepokelewa. Tafadhali subiri."

Nalo limejibiwa na mtambo.

Bosi akataka auzime kabisa. Hapo nikasikia mtu anasema "Usizime!" — nikashangaa, ni mimi. Wote wakanigeukia. Nikamaliza: Bibi akibonyeza punje asimpate, atamngoja tu. Alishaambiwa atafikiwa. Ataendelea kungoja mpaka…

Sikumaliza, kumbe.

Jofrey akasema, mtoto ana akili. Bosi hakuuzima. Akatoa gari lake na dereva wa kutupeleka.

Jumatatu hiyohiyo, mchana

Itumba. Lami imeishia nyuma yetu. Gari la Bosi ni zuri lakini ni la mjini. Limezama matope mpaka mlangoni kwenye njia ya kupanda kwa Bibi, vijana wanalisukuma, mvua inawacheka. Tupo kibandani kwa muuza mbolea. Naandikia magotini.

Mama Imelda amepiga. Lori la kubeba mbao linashuka kutoka mlimani, limesimama mlangoni kwa Bibi, dereva amekubali kumshusha hospitali. Lakini hawezi kungoja, daraja la miti litafunikwa na maji. Likiondoka hilo, hakuna lingine leo. Bibi usiku ametetemeka na kuweweseka. Asubuhi akavaa gauni, akarudi kigodani.

"Mbebeni!" Mama kasema.

Mama Imelda akajibu kwamba wamejaribu. Amekumbatia nguzo ya mlango. Vijana wakamwachia, mtu mzima habebwi kama gunia mbele ya watoto. "Ongea naye wewe, Ferista. Lakini uongee kama yule."

Kama yule.

Mama amenitazama. Nimeelewa kabla hajasema. Amenipa leso yake, amejifuta uso wote kwa kanga. Amepiga funda la maji. Amekaa wima juu ya mfuko wa mbolea, mabega nyuma, kama yupo kwenye kiti chake cha kuzunguka. Muuza mbolea amezima redio bila kuambiwa.

Nimempigia Bibi, nimeweka spika, nimeshika simu karibu na mdomo wa Mama.

"Karibu sana, mama yangu! Umeamkaje? Na nyumbani wanaendeleaje?"

Ni ile ile! Hata ule mkunjo!  Mama yangu anauigiza mtambo unaomwigiza yeye.

"Ee! Ndiye huyo sasa!" Bibi kafurahi, sauti yake imekuwa nyembamba kama uzi. "Mama Imelda, njoo usikie! Mwanangu, umekawia."

"Pole sana, mama yangu. Nimekuelewa. Mtu wetu ameshakufikia, yupo mlangoni na gari. Tafadhali ondoka hapo ulipo."

Nyuma ya Bibi injini ya lori la mbao inanguruma. Mtu anapiga honi. Mama Imelda anasema, umesikia mwenyewe, nyanyuka basi, mama. Kigoda kimelia kikisogezwa — nimekisikia!

Halafu kimya.

Mama amefumba macho. Chozi limefika kwenye kidevu, hajalifuta. Ameongeza tu, polepole, "Bado nipo, mama yangu. Nakusikiliza."

 Bibi ameacha Kiswahili, ameuliza kwa Kindali, chini kwa chini, kama anayemwuliza mtoto siri:

Mbona leo unapumua?