Yule Kobe Si wa Changuu

Mpendwa Mshauri, assalaam aleikum. Naomba msaada, na kabla ya yote nakuomba usinicheke. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, mwalimu mstaafu, nakaa Bustan kwenye nyumba yangu mwenyewe, watoto wangu Badr na Noof wana kwao, na mwaka jana nimependa, si mtu, nimependa nchi, Ekuador, huko Amerika ya Kusini, nilianza kuiangalia kwenye simu joto la Juni la huku kwetu jangwani lilipotufungia ndani, milima ya baridi, misitu, pwani, masoko ya maua, na wageni wa kila pembe wananunua nyumba wanazeekea huko, nikamwambia Badr nataka kwenda kuiona, akacheka mpaka chai ikampalia, akasema, "Mama, huko kuna nini? Kama shida yako minazi, nenda Unguja kwa watu wetu." Nikaona haya, nikasema sawa, nnakwenda Unguja, nikapanda ndege nikaenda Ekuador.

Safari siijutii hata kidogo. Asubuhi moja nilikuwa mlimani nimejitandia blanketi la sufu, magharibi nipo pwani nakula samaki wa nazi kwa ndizi mbichi, na mama aliyenipikia hatukuelewana hata neno lakini aliniongeza mchuzi bila ya kumuomba. Nikenda na visiwani kwao huko huko Ekuador, na Noof alipodai picha nikamtumia moja niko na kobe mkubwa, maana kisiwa cha Changuu, pale mbele ya mji wa Unguja, wapo kobe kama wale, jamaa wote wakaitikia mashaallah. Niliporudi nikanunua karafuu Matrah, soko la hapa hapa mjini kwetu, nikawagawia, shangazi akanusa akasema hizi ndizo za kwetu hasa. Na kaka yangu Suud ameikuza ile picha, ameitia fremu, ameitundika katika majlis yake anapopokelea wageni, na maandishi, "Dada yetu amefika nyumbani," na kila Ijumaa tunakula chini yake, nami Unguja sijapata kuikanyaga, nilizaliwa wazee wetu wameshaondoka huko.

Sasa nimepata nyumba ndogo kule Ekuador mlimani, ina baraza na waridi, dalali anataka saini mwisho wa mwezi, na lazima niuze ya Bustan. Nimeshaamua kuhama. Ila Suud alitolewa Unguja mtoto wa miaka minane, akijua nimelitumia jina la kwao kwa uongo atavunjika moyo. Je, nikishafika ndiyo niwaambie kwa simu? Mimi naona hivyo ndiyo bora.

Mstaafu, Bustan

*

Mstaafu, waaleikum salaam. Nimecheka, nisamehe, hasa pale kwenye karafuu. Sasa nimemaliza kucheka.

Kupenda nchi si kosa. Umesomesha watoto wa watu maisha yako yote na umezika mume; ukitaka kuamkia ukungu na waridi, nani akuzuie? Nyumba ina jina lako. Badr alikukosea alipokucheka, na hilo mwambie usoni. Lakini na wewe! Mwalimu mzima unawapa watu karafuu za Matrah, na sasa unataka kuhama kwa mtindo ule ule? Kaka yako alitoka kwao hakuna aliyempa nafasi ya kuaga. Leo wewe uondoke bila ya kumuaga yeye? Hapana, bibi. Hilo sikubaliani nalo.

Na saini usitie mwezi huu. Umekaa huko kama mgeni, na mgeni kila mtu anamchekea. Rudi, upange nyumba miezi mitatu, na iwe msimu wa mvua, ujue paa linavuja wapi, hospitali iko mbali kiasi gani, Ijumaa utasali na nani. Jifunze Kihispania walau cha sokoni. Mwanasheria mtafute mwenyewe, si huyo atakayeletwa na dalali, na dalali anayekuharakisha mwache aende zake. Ya Bustan usiiuze, ipangishe, uwe na mlango wa kurudia. Baada ya hapo, moyo ukiwa bado uko kule, nunua, na mtu asikutie hofu.

Majina nimeyabadilisha yote. Kobe sikuweza kumbadilisha, na wewe ulilijua hilo ulipokuwa ukiandika, kama unavyojua kwamba ukurasa huu kaka yako anausoma. Nafikiri umechoka kukaa chini ya ile picha. Basi usingoje Ijumaa. Nenda leo, peke yako, uiteremshe ile fremu mwenyewe, umwambie yule kobe anakaa wapi, na umuombe radhi. Atakasirika, mwache akasirike, usiondoke. Akishatulia, muombe akupeleke Unguja kabla hujakwenda kwengine kokote, maana wewe hujafika na yeye hajarudi.

Fremu msiitupe. Mtakuja na picha ya kuitia.