Mkalimani wa Zimamoto wa Angani

Unguja, 6 Februari 1983

Dada Xaveria,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yake, na shemeji Melkiadi nampa mkono. Mimi ni mzima kabisa, joto tu ndilo linalonionea. Je, Mama macho yanaendeleaje? Na kikohozi cha shemeji kimetulia?

Umeniuliza, katika vipindi vyote vya Zimamoto wa Angani, ni vipi navipenda zaidi. Ni kama kumwuliza Mama kati yetu wawili anampenda nani, ingawa jibu hilo tunalijua: ni mimi, kitinda mimba wake. Nitajaribu hivyo hivyo.

Cha kwanza ni kile cha barafu. Unajua kazi ya Kapteni Torvi na watu wake: mtu akipiga simu ya hatari popote kwenye nyota, wao huwasha chombo wakaenda. Siku hiyo walisikia mtu anagonga chuma, ngo, ngo, ngo, kwenye dunia iliyoganda yote. Wakubwa wakasema achaneni naye, ni mtu mmoja tu, mafuta yataisha. Torvi akajibu, "Mmoja anatosha." Walimkuta mzee mwenye ndevu hadi kiunoni, amegonga tangu ujana wake.

Cha pili ni kile cha mlango. Mke wa Torvi alirudi na vumbi lenye ugonjwa, akafungiwa chumbani peke yake, haruhusiwi kuguswa. Torvi alihamishia chakula chake nje ya mlango ule, akawa anakula pale kila siku, wakitazamana kwa kioo.

Cha tatu ni cha sauti ya mtoto, lakini hicho karatasi haitoshi.

Kwenye ukumbi wa televisheni Alhamisi tunajaa mpaka madirishani. Kiingereza cha vipindi wengi hawakipati, kwa hiyo mimi nasimama kando ya televisheni natafsiri kwa sauti. Nikichelewa hawatulii. Wazee kabisa wananiita Kapteni! Karani wa stoo, Dada, anaitwa Kapteni.

Nitakuja Juni, likizo yangu ya mwaka. Ahadi ni deni.

Mdogo wako,
Kornel

*

Bagara, Babati, 19 Machi 1983

Mdogo wangu Kornel,

Marahaba. Mama anasema marahaba mara mbili, moja ya kwake na moja ya marehemu Baba. Mimi na Rosa hatujambo. Usishangae nikikuandikia nyuma ya kalenda. Karatasi madukani imekwenda ilikokwenda sabuni, na sabuni hatujui ilikokwenda.

Barua yako niliisoma Jumapili baada ya misa, majirani wamejaa uani. Kile cha barafu kilimliza mama mmoja wa Maisaka. Mimi nina swali. Huyo Torvi miaka yote anaokoa watu, shamba lake nani anapalilia? Baba Rosa akanijibu kwamba angani hakuna magugu, watu wakacheka mpaka yeye akashikwa na kikohozi na kicheko kikaisha.

Yeye anapenda cha mlango. Nimemsomea mpaka naweza kukisema bila barua. Anasema wanaume wa kwenda kwenye barafu wapo wengi, wa kukaa mlangoni ni wachache.

Sasa sikiliza, haya si ya kusomewa watu. Kikohozi kile hakikutulia. Daktari anataka apelekwe Moshi apigwe picha ya kifua, asichelewe. Peke yake hafiki, kupanda basi tu anashikiliwa. Ndugu zake walihamia mbali na hawajajibu barua. Mimi ndiye wa kumpeleka, na siwezi, kwa sababu ya Mama. Haoni kitu tena, Kornel. Anaongozwa hata chooni. Majirani wana mashamba yao na foleni zao, na mzee wa kuongozwa chooni si mzigo wa kumtwika jirani. Rosa ana miaka sita.

Nakuomba kitu kimoja tu. Juni ukija, ukae na Mama wiki mbili nimpeleke mume wangu Moshi. Basi. Mahindi hata yakiliwa na nyani, yaliwe.

Dada yako,
Xaveria

*

Unguja, 20 Julai 1983

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta mnaendelea vizuri, mimi sijambo ila mawazo.

Najua umenuna. Juni likizo imekataliwa, Dada. Mkubwa wetu alisema hakuna mtu kuondoka, kazi ni nyingi, na kama mnavyosikia redioni, mwaka huu ni wa kukamata walanguzi na barabarani mtu anapekuliwa hadi soksi. Ningefanyaje? Nampa barua hii Shomari, tunafanya naye kazi, anatumwa Arusha kisha anakwenda kwa wakwe zake Kondoa, atapita hapo. Anawaletea sabuni miche miwili na dawa ya kifua ya chupa.

Mwambie shemeji kuna kipindi kimekipiku kile cha mlango. Chombo cha Torvi kinaitwa na pande mbili kwa wakati mmoja: huku watoto wa shule, kule rafiki yake wa utotoni. Ukumbi mzima ulinyamaza, mimi mwenyewe nilisahau kutafsiri, wakanirushia ndala. Akaenda kwa watoto, na alipomaliza akamkimbilia rafiki yake, akamfikia pumzi zikiwa zimebaki chache. Alifika, Dada! Kila mara anafika.

Septemba nitakuja bila shaka.

Mdogo wako,
Kornel

*

Bagara, 14 Agosti 1983

Kornel,

Marahaba. Mama hajambo. Sisi tupo.

Sabuni zimefika, asante. Dawa ya chupa amekunywa, tamu sana anasema.

Shomari ni kijana mwenye adabu. Tulimkaribisha uji, akakaa na Baba Rosa kando ya kitanda, akaanza kukusifu. Yeye alidhani anatuletea furaha. Akasema, "Shemeji, ndugu yenu ni mtu mkubwa kule. Mwezi wa sita mzima ulikuwa wa vipindi vinavyopendwa, watu wa ukumbini walivichagua wenyewe, kila jioni kimoja, na Kapteni Kornel alikuwa likizo yake, hakukosa hata jioni moja!"

Alisema hivyo, mbele ya mgonjwa na mbele ya Mama.

Mama akauliza, "Likizo ipi?" Nikamwambia Shomari anachanganya watu, akaamini au akajifanya. Baba Rosa alitazama ukuta. Mgeni alipoondoka akaniambia, "Muulize kama na cha mlango walikichagua."

Basi nakuuliza. Walikichagua?

Mimi sina hasira ya kukutukana, nguvu hizo sina. Amekonda, nikimgeuza namgeuza kwa mkono mmoja. Shomari alisema siku chache za ruhusa bado unaweza kuziomba. Njoo hata kesho. Kama aibu inakuzuia, njoo nayo, itakaa humu ndani na sisi, hatutaiuliza kitu.

Dada yako,
Xaveria

*

Unguja, 30 Oktoba 1983

Dada,

Shikamoo. Poleni kwa yote. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Shemeji anaendeleaje? Mama je?

Ndiyo, walikichagua. Kilikuwa cha nne.

Sitaficha tena. Likizo niliipata. Nilikuwa nimefunga mpaka begi. Kisha wale wazee wakaja stoo, watu wazima, wakavua kofia mbele yangu, wakasema, "Kapteni, ukiondoka sisi tutatazama midomo tu." Dada, wewe hujui ilivyo mtu kusubiriwa. Hapo Babati mimi nilikuwa nani? Form four aliyerudi kushika jembe, anayetumwa kuchunga mbuzi wa mjomba. Hakuna aliyewahi kunyamaza ili mimi niseme. Huku mtoto akilia nikiwa natafsiri, mama yake anamtoa nje. Nilijiambia shemeji ni kikohozi tu, amekohoa tangu namjua. Nilikosa. Lakini usiseme sikuwa na moyo, nilikuwa nao, ulivutwa huku na huku.

Septemba sikuja kwa sababu ndipo walipoonyesha vipindi vya kufunga msimu. Nakuambia kweli tupu sasa, unaona. Torvi anapigiwa simu na kijiji alichozaliwa, na hakikumbuki. Mwishoni anakikumbuka, anageuza chombo. Nilitafsiri kwa machozi.

Krismasi nakuja. Nitampeleka shemeji Moshi mwenyewe, mgongoni ikibidi.

Mdogo wako,
Kornel

*

Bagara, 27 Novemba 1983

Kornel,

Marahaba.

Hakuna wa kumpeleka Moshi. Baba Rosa alifariki tarehe kumi na moja mwezi wa tisa. Telegramu nilituma stoo kwenu siku ile ile. Kama haikufika, Mungu anajua. Kama ilifika, Mungu anajua pia.

Tumo kwenye metimani, mwiko wetu wa msiba, hujausahau nadhani. Jirani haingii uani kwetu, sisi hatukanyagi kwao, moto wetu ni wetu na kisima chetu ni kile cha mbali. Wazee wanasema mpaka mvua kubwa za mwakani zitakapokwisha. Padri hapendi, lakini padri halali hapa. Aminiel, mwinjilisti wa Kilutheri, si wa mila yetu ila anawaheshimu wazee. Anasimama nje ya ua, nami namwekea barua kwenye jiwe. Nikimaliza kuandika hii nitakuwa sijasema na mtu mzima asiye Mama tangu Jumatano.

Siku zake za mwisho aliniomba cha mlango. Nilikisema. Nilipofika Torvi anapokula nje ya mlango, akanizuia. Akasema, "Bora mimi, mlango haukufungwa na wewe uko upande huu." Huyo ndiye mtu uliyemwita shemeji.

Usiniandikie tena kipindi chochote. Nakwambia kwa upole.

Lakini Mama anakusubiri. Nilimwambia umeandika Krismasi, sikuweza kumnyima. Mila haimzuii mtoto kuja kwa mama yake. Asubuhi hula vijiko viwili, anasema vingine atakula na wewe. Sasa ombi langu si la mume wangu, ni la Mama. Njoo.

Dada yako,
Xaveria

*

Unguja, 8 Aprili 1984

Dada yangu,

Shikamoo, na poleni sana sana. Telegramu hiyo sikuiona, naapa. Nimelia. Shemeji alikuwa mtu wa watu.

Krismasi nilishindwa nauli, na mwezi wa kwanza siasa za huku zilichafuka, ikawa si vizuri mtu wa bara kuombaomba ruhusa. Nimekatazwa kuandika vipindi, nakutii. Nitasema tu kwamba wameanza kuvionyesha upya tangu cha kwanza, na wengi ni wageni, hawajui lolote, hata Torvi ni nani inabidi nianze mwanzo.

Likizo yangu safari hii ni mwezi wa saba. Imeshaandikwa. Mwambie Mama ale, nakuja.

Mdogo wako,
Kornel

*

Bagara, 20 Mei 1984

Kornel,

Hatujambo wote watatu.

Krismasi Mama aliniomba nimvike kitenge chake kipya tangu alfajiri. Kila basi la Arusha lilipopiga honi barabarani alisimama, akashika ukuta, akageuza uso kule. Mabasi yakaisha. Kesho yake akaomba nimvike tena. Akafanya hivyo Januari nzima, na Februari. Chakula akawa anakirudisha, anasema mtoto anakuja njiani hajala. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Mimi nililiona tumbo lenyewe, limeshikana na mgongo. Kufikia Kwaresima nilikuwa nambeba kama nilivyombeba Baba Rosa.

Barua yako ya kusema utakuja mwezi wa saba ilipofika nilimsikia Aminiel akiita kutoka njiani. Mama akauliza, "Ya Kornel hiyo? Anasemaje?"

Nikamwambia umekufa.

Sikupanga. Lilitoka. Nikasema homa, siku tatu tu, hukuteseka. Akauliza umezikwa wapi, nikasema huko huko. Akauliza kama kulikuwa na watu. Nikasema walikuwa wengi mno, hadi wazee walivua kofia, walikaa kimya wote. Hilo lilimfurahisha, akanifanya nilirudie.

Alilia kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Nililia naye, na mimi sikuwa naigiza. Siku ya nne akaomba uji. Akamaliza kibakuli. Sasa anakula ugali na mboga, analala, anamfundisha Rosa kupepeta kwa mikono tu bila kuona.

Kwa watu waliofungiwa kama sisi, hakuna jirani wa kuingia akamwambia Mama vingine. Mwezi ujao wazee watakuja kutuondolea mwiko, watu wataanza kuingia tena. Nimewatumia majirani ujumbe kupitia Aminiel, mmoja mmoja, wasimwambie Mama kwamba u hai. Wamekubali kunyamaza. Wengine walisema ni dhambi, nikawaambia ni yangu, nitaibeba. Rosa naye anaamini hivyo hivyo.

Juzi nilimsikia Mama akikutaja kwa Rosa, sauti ile ile anayomtajia marehemu Baba. Honi ya basi ilipigwa katikati, na hakugeuza uso.

Kwa hiyo likizo yako ya mwezi wa saba, imalizie huko huko.

Xaveria