Baba Yu Hai, Nasi Tunagombea Nyumba Yake

Mpendwa Bi Koultoum,

Naomba msaada wako, na unisamehe Kiswahili changu, nimekirithi kwa marehemu mama aliyezaliwa Unguja, maana sisi hapa Mahajanga nyumbani husema Kingazija na sokoni Kimalagasi, ila gazeti lenu hutufikia kwa mabaharia na ukurasa wako ndio ninaoanza kuusoma. Mimi ni mjane, naishi mtaa wa Mahabibo katika nyumba aliyoijenga baba yangu, Mzee Boinali, alipokuwa mnyapara wa kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, kule kisiwani Nosy Be, na mwaka ule tuliopata uhuru baba alipooza upande wa kulia, nikamleta hapa nimuuguze, na tangu hapo namlisha, namwogesha, namgeuza, na posa nimezikataa kwa ajili yake. Akili zake ni timamu kabisa, ulimi tu ndio mzito.

Kwa baba tuko wawili, mimi na kaka yangu Anli, ambaye alibaki Dzamandzar akiangalia shamba la baba la milangilangi. Mwezi wa Rajabu baba aliniita akaniambia kuwa nyumba hii ameniusia mimi peke yangu, lakini nisimwambie Anli mpaka yeye awe kaburini. Nililia, na Mungu anisamehe, nililia kwa furaha, kwa kuwa najua katika mirathi kaka hupata mafungu mawili nami moja, nikaona kazi yangu imetambuliwa.

Sasa juma lililopita Anli alivuka bahari hadi bandari ya Ankify, akaja kwa barabara mpaka hapa, mkononi ana hati ya uwakala iliyokwisha andikwa kwa Kifaransa, ya kumruhusu auze mali yoyote ya baba kwa niaba yake. Hakuficha kitu, alisema anataka kuiuza nyumba anunue lori la kubebea miwa, baba atahamia kwake, na mimi nikubali kuolewa. Baba alikuwa akimtazama tu. Kaka akaushika mkono wa baba, ule uliopooza, akakichovya kidole gumba katika wino. Nikamzuia. Nikamwambia, "Kaka, mkono huo hausikii. Muulize mwenyewe." Akaniuliza tangu lini nimekuwa mlinzi wa baba. Baba akageuzia uso ukutani, machozi yanamtoka, na Anli akaikunja hati yake akaondoka, akisema atarudi baada ya Idi na mashahidi.

Majirani wanasema nimemfukuza ndugu yangu. Je, nimtafute mwandishi upesi, baba auandike ule wasia kwa siri kabla kaka hajarudi? Nifanyeje?

Rabiata, Mahabibo


Bibi Rabiata,

Pole kwa uuguzi, na hongera kwa kuuzuia mkono ule. Kidole kinachobonyezwa na mtu mwingine si ridhaa ya mwenye kidole. Waache majirani waseme.

Lakini usijisifu mapema. Kaka yako alitaka kuiuza nyumba ya baba akiwa hai bila kumuuliza, na wewe unangoja kuimiliki atakapokufa bila kumwambia mwenzako. Nyinyi nyote mmekwisha mzika mzee, mmetofautiana siku tu.

Na huo wasia wa siri hautakufaa. Katika sheria yetu, mrithi hausiwi zaidi ya fungu lake, ila warithi wenzake waridhie baada ya mauti. Mrithi mwenzako ni Anli. Ataridhia vipi jambo alilofichwa? Utabaki na karatasi isiyo na nguvu, na ndugu umempoteza. Mweleze baba yako hivyo, kwa upole. Huenda hakuna aliyewahi kumwambia.

Akitaka kweli upate nyumba, akupe sasa, kwa hiba: aitamke kwa akili zake, akukabidhi, uipokee, mashahidi waone. Wala asingoje maradhi yamzidie, kwani zawadi ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, nawe utarudi pale pale. Au, na hili ndilo ningelipenda mimi, aifanye wakfu kwa kizazi chake: isiuzwe, isigawanywe, wewe ukae humo maisha yako yote, na baada yako watoto wenu.

Uwakala nao usiuogope. Mzee hawezi kufika shambani wala ofisini, anahitaji mtu. Ampe Anli uwakala wa shamba la milangilangi, iandikwe kuwa ni shamba tu, na neno kuuza lisiwemo. Baba anaweza kuuvunja akitaka, na siku atakapofariki uwakala huo umekwisha, Anli hana tena cha kutia saini kwa jina lake. Hati yoyote isomwe mbele ya baba kwa Kingazija, neno kwa neno, kisha atie alama kwa mkono wake mzima. Muoneni kadhi kwanza, kisha mthibitishaji wa hati wa serikali, maana kila mmoja ana masharti yake.

Usingoje Idi. Muombe baba akuruhusu kuifungua ile siri, halafu mtumie Anli salamu aje, na umpokee kwa chakula. Kutaka lori si dhambi, na shamba lile hakuna mwingine aliyelitunza. Mkishakaa watatu, muulizeni baba anataka nini na nyumba yake. Atakalojibu, hata likiwa si lile ulilolililia kwa furaha, ulilinde kama ulivyoulinda mkono wake.

Bi Koultoum