Fundo la Baharia Kwenye Mfereji wa Birmingham

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalaam aleikum kutoka mtaa wetu wa Mayfair, hapa Johannesburg. Bibi yako mzima, bado anagombana na mwenye nyumba. Umeuliza, ukiolewa huko Birmingham tutasema umetutupa? Eish, umenichanganya.

Ujanani, mimi baharia wa Tanga niliyezimaliza bandari zote, nilipanda boti nyembamba kwenye mfereji wa mji huohuo. Tukaingia kwenye chumba cha maji, mageti yakafungwa, maji yakatolewa ili tushuke kama kwenye lifti. Nami kamba ya boti nimeshaifunga juu ukingoni, fundo la kibaharia! Maji yakashuka, boti ikaning'inia upande, chai ikatumwagikia.

Mama nahodha akafoka, "Fungua, baharia wee! Ishike mkononi, uwe unailegeza!"

Nikailegeza kidogo kidogo, tukashuka salama. Sasa pale nilishika au niliachia? Mpaka leo sijui.

Olewa, mama. Ila Ijumaa nikipiga simu, pokea.

Babu yako, Johannesburg