Siku Niliambia Kanisa Kweli

Kapata, siku ya Mungu, mangaribi

Basi siri yangu imetoka, na roho yangu iko mwepesi. Mwaka muzima batu banawaza nasomaka Biblia ku kanisa, kumbe macho haionake tena herufi ndogo. Nashikaka masomo mu kichwa tu.

Leo pasteri akabadilisha somo, na mi nimekwisha kusimama mbele ya batu. Nikasema: "Munisamehe, siwezi kusoma. Nilikuwa nabadanganya." Bakacheka, kisha bakanipigia makofi!

Sasa hata shefu wa kazi atasikia, na mi njo mwenye kuandika majina ya batumikaji. Ile inaniogopesha. Kesho nitamwambia miye mwenyewe.

Lakini ku nyumba, bibi yangu Kapinga alikuwa amenuna. "Citoyen, mume wangu, mi bibi yako, nisikie pamoja na kanisa muzima?"

Nikamwambia niliogopa aseme nimekuwa muzee.

Halafu akaanza kucheka. "Na miye sioni. Mawe ya muchele natosaka na vidole tu." Tutaenda wote wawili kutafuta malineti ya macho.

Nikaona heri nimalize kweli yote. "Mama," nikamwambia, "yale mawe ya muchele, hautosaka yote."

Tulicheka mpaka jirani akapiga hodi.