Kumbe Walisema Mabibo

Shikamoo dada Neema,

Mdogo wako, fundi wa mafundi, bado ni mzima hapa Likombe, Mtwara, ila joto limenimaliza na mgongo sina tena. Ile kazi niliyokutambia ya kukamua zabibu, kumbe kwenye simu walisema mabibo, yaani matunda ya mkorosho. Mama Tumaini, anayeyakamua kutengeneza pombe ya uraka, hachoki kunicheka: "Fundi wa Dodoma, zabibu za kwetu mbegu inakaa nje, umeiona?"

Jana nilichoka kuinama kuokota yaliyoanguka, nikachuma ya mtini, hata mabichi yakiwemo, ndoo ikajaa upesi. Tulipoyakamua, Mama Tumaini akaonja maji yake, kisha akanijazia kikombe. "Maliza, mwanangu. Bibo likiiva linashuka lenyewe. Wewe umelifuata juu, sasa likufuate kooni." Mpaka leo ulimi wangu ni kama nimelamba gunia.

Ndipo nikakukumbuka. Msimu uliopita ulitaka zabibu zetu zikae mtini wiki mbili zaidi. Mimi nikazikata kwa sababu nilichoka kuzifukuzia ndege. Mvinyo ulipotoka mchachu, nikamwambia baba pipa lako lilikuwa chafu, naye akakunyang'anya.

Pipa lilikuwa safi, dada. Msomee baba kadi hii akurudishie, ila pale pa kikombe paruke. Korosho nakuletea, utabangua mwenyewe, mimi mikono imekwisha.

Nimekukumbuka sana, usimwambie mtu.

Mdogo wako Yohana