Kompyuta Niliyoipanga kwa Daftari la Mama Kulwa

Jumapili, 17 Agosti. Kahama.

Mama Kulwa,

Leo kumekucha na upepo wa vumbi, ule wa mwezi wa nane unaojua kila tundu la dirisha. Nimerudi kutoka kanisani saa nane mchana, nimevua viatu, nimekaa kukuandikia. Safari hii si kwa huzuni.

Wimbo wako umeimbwa. Wote, mpaka mwisho, na okestra yake.

Niwaeleze kidogo wanaosoma hapa bila kukufahamu. Mke wangu alikuwa kiongozi wa kwaya ya kigango chetu. Alifariki mwaka jana, mwezi kama huu. Kwenye sanduku la khanga aliacha daftari, na ndani yake wimbo mmoja wa shukrani ulioandikwa kwa solfa, sauti zote nne. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameagiza vyombo ambavyo sijui mtu wa Kahama anayevimiliki. "Hapa violini, kama mvua inayoonekana Mhunze ikiwa bado mbali." "Hapa tarumbeta, lakini zisijibu kwa kiburi." "Hapa besi, chini kabisa." Mhunze ndiko kwao. Violini aliziona kwenye televisheni tu. Besi alikuwa akiimba mwenyewe akisonga ugali, kila mwiko ukigeuka na noti yake.

Niliahidi kwamba misa ya kumbukumbu ya mwaka wako haitapita bila wimbo huo kuimbwa kama ulivyouandika. Niliahidi kwa sauti, mbele ya watu. Nikarudi nyumbani nikajiuliza nimesema nini.

Mimi ni mtu wa darasa la saba. Miaka kumi na miwili nilivuta winchi, ile ya kupandisha mawe kwa kamba, kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, Geita. Kompyuta nilijifunzia ukubwani, kwa kuharibu na kutengeneza.

Nikagundua kuna watu huko nje waliorekodi okestra nzima noti moja moja. Violini ikipigwa kwa upole, violini ikipigwa kwa nguvu, ikivutwa, ikidonolewa kwa kidole. Ukinunua maktaba hiyo ya sauti na kuunganisha kinanda na kompyuta, kila kidole kinaamsha wapigaji halisi. Niliipakua Mwanza kwa binamu yangu mwenye intaneti ya waya. Ilichukua siku nne, na mara mbili umeme ulikatika ikaanza upya.

Nikaifungua kwenye kompyuta yangu ya zamani. Noti tatu zilitoka vizuri, ya nne ikakatika, kisha zikaanza kukwaruza kama redio iliyo kati ya stesheni mbili. Nilizima haraka. Niliona kama nimekutukana.

Unajua nilikwenda kwa nani. Mdogo wako Masanja, fundi wa kompyuta pale karibu na soko.

"Shemeji, mashine hii imezeeka kama wewe," akasema. "Inataka prosesa ya kishujaa na kadi kubwa ya picha."

"Kadi ya picha ya nini? Violini ina sura?"

"Ndiyo maana ulikaa machimboni miaka yote ile ukatoka na kikohozi tu!"

Nilicheka, lakini nakiri, nilikaribia kumkubalia. Yeye amesomea. Na fedha niliyokuwa nayo ilitosha njia moja tu, nikikosea basi misa ya mwaka ingepita na kile kinanda cha siku zote, chenye mdundo wa rumba ndani yake.

Siku mbili baadaye niliufungua wimbo tena, nikaacha ukwaruze, nikatazama kipimo cha mashine kwenye skrini. Prosesa ilikuwa inafanya kazi robo tu. Diski ilikuwa imefika mia kwa mia, imekwama hapo.

Nikasimama.

Kitu hicho nimekiona maisha yangu yote. Karasha la kusaga mawe linanguruma bure, watu wote wanalaumu karasha, tajiri anataka kununua kubwa zaidi. Kumbe karasha lina njaa. Mawe yako chini shimoni na winchi haiyafikishi juu kwa wakati. Sauti zangu zilikuwa zimelala kwenye diski ya kuzunguka, ambayo sindano yake lazima iende huku na huko kutafuta kila noti. Noti mia zikiitwa pamoja, itamsikia nani?

Tatizo lilikuwa winchi. Na winchi ndiyo kazi niliyoifanya.

Basi nikapanga kompyuta kwa kusoma daftari lako. Kamba ya duara hupimwa kwa kiroba kizito kuliko vyote, haipimwi kwa kiroba cha kawaida. Nikatafuta mahali pazito kuliko pote, ile Amina ya mwisho ambapo umeandika "wote, wote, wote." Nikahesabu ni noti ngapi zingelia kwa wakati mmoja hapo. Kutokana na hesabu hiyo nikachagua SSD mbili za maktaba, maana hizo hazina kitu cha kuzunguka: moja ya violini na ndugu zake, nyingine ya tarumbeta na ngoma. Mfumo wa kompyuta nikauwekea yake ndogo peke yake. Kisha RAM nyingi, ile kumbukumbu ya karibu ya mashine, giga sitini na nne, kwa sababu Mwalimu Anastazia, aliyeshika kwaya baada yako, hana nafasi ya kusubiri kati ya ubeti na ubeti. Vyombo vyote vya wimbo lazima viwe tayari mdomoni mwa shimo. Na UPS, betri ya akiba, kwa ajili ya umeme wetu. Prosesa nikachukua ya kati. Kadi ya picha nikaifuta.

Masanja alishika kichwa. "Ikigoma mbele ya padri, nitasema imefungwa na fundi wa Isaka. Mimi simo."

"Hutasema hivyo, kwa sababu utakuwa unalia."

Aliifunga hata hivyo, na aliifunga vizuri.

Halafu mimi ndiye niliyekosea. Nilipakia kila kitu kwenye RAM, kila namna ambayo kila chombo kinaweza kupigwa. Ni ugonjwa wa mchimbaji. Hauachi jiwe shimoni, kwa maana huwezi kujua kama hilo ndilo lenye dhahabu. RAM yote ikajaa kabla hata tarumbeta hazijaingia, mashine ikaganda. Nilikaa mbele yake nikaona aibu. Zilibaki wiki tatu.

Nikarudi kwenye daftari. Nikasoma mstari kwa mstari, na ndipo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi yote ile: hukuomba violini zidonolewe hata mara moja. Hukuomba zitetemeke. Ulitaka zivutwe tu, ndefu. Nikazitoa nyingine zote. Nusu ya RAM ikabaki wazi, na kwenye nafasi hiyo nikaongeza mwanzo wa kila noti ndefu, ili usubiri karibu wakati diski inaleta sehemu iliyobaki. Ulijua ulichotaka. Mimi ndiye niliyekuwa nakuongezea.

Masanja alishauri turekodi muziki tuupige kama kanda, tusihangaike na kompyuta kanisani. Nilikataa. Kwaya yako haifuati mashine. Kwenye Amina ulikuwa ukiinua mkono na wao wanashikilia mpaka uushushe, na hakuna siku mbili ulizoushusha kwa muda ule ule. Kanda ingewakata pumzi, au wao wangeipita.

Leo, basi.

Anastazia alikaa kwenye kinanda, mimi nikakaa sakafuni nyuma yake na skrini mapajani. Ubeti wa kwanza ulikuja na violini peke yake, kwa mbali, na nikasikia mvua ya Mhunze. Ubeti wa tatu besi ziliposhuka, watu wa upande wa kushoto waligeuka kutazama dirishani. Walidhani ni lori la Isaka linapita.

Kisha Amina. Anastazia hana mkono wa kuinua, yote miwili ilikuwa kwenye funguo, kwa hiyo aliinua kidevu. Kwaya ikashika. Tarumbeta zikaingia, ngoma ikaingia, na yeye hakushusha. Nilitazama kipimo cha diski kwa jicho moja, jicho jingine lilikuwa halioni vizuri. Diski ilikuwa haijafika nusu. Anastazia bado hakushusha. Padri mwenyewe alisimama. Hakuna noti iliyokatika, Mama Kulwa. Hata moja. Aliposhusha kidevu, wanawake walipiga vigelegele mpaka nikaziba masikio huku nacheka.

Baada ya misa mama yako, aliyekuja toka Mhunze na basi la jana, alikaa na kina mama wenzake akamtuma Masanja kwangu. Masanja alikuja macho mekundu, kama nilivyomwahidi.

"Mama anauliza wale wapigaji wamekaa wapi, amewatafuta mpaka nyuma ya altare. Anasema uwape chakula kabla hawajaondoka. Na anasema wabeja, asante sana."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia shemeji yangu injinia atawashughulikia."

Nilikwenda nikamwamkia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mwaka mzima hatukuweza kutazamana, kila mmoja akikuona wewe usoni mwa mwenzake. Leo tumetazamana.

Kesho kutwa nakwenda huko huko Mhunze. Kwaya yao imeomba niwapangie mashine yao, na nimewaambia walete daftari kwanza, vifaa baadaye. Nitakapokuwa nawasomea, nitasikia sauti yako ikinisahihisha.

Na wewe huko uliko, ukiwa umepata hao wapigaji walio bora kuliko wangu, unikumbuke.